Aliyeiamkia Sabuni

Wote wanaokuja kuniuliza habari zake huanza na sauti. Sauti yake ilikuwaje zamani, alianza kuimba lini, je, nilijua kwamba atafika mbali? Nawajibu kwamba mimi nilimjua kwa mikono. Sauti ilikuja baadaye, tena bila kuombwa, ikivuja kutoka kibanda cha pili kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Mikono niliiona siku ya kwanza kabisa. Ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, viganja vigumu, na kidole kidogo cha kushoto kimekakamaa hakikunjiki. Aliniambia kwamba aliteleza mtini akiwa amekumbatia mzinga na hakutaka kuuachia. Mzinga ulipona.

Jina lake mnalo, lile la jukwaani, ambalo si mama yake aliyempa. Mimi sijawahi kulitumia. Kwa miaka kumi na moja tulipakana vibanda katika soko la Kasulu, mimi na viatu vya mtumba, yeye na asali ya Kibondo, na muda wote huo aliniita Jirani nami nikamwita Jirani. Miaka hiyo nimeihesabu mara mbili. Mara ya kwanza kwa kukumbuka, mara ya pili kwa mabati ya paa langu, maana kila mwaka nilibadilisha bati moja, na hesabu zote mbili zimekubaliana.

Alikuwa hashushi bei. Kwa mtu kama mimi, nisiyeweza kununua hata kiberiti bila kuuliza bei ya mwisho, kukaa karibu na mtu wa namna hiyo ni mateso. Mteja anabembeleza, anaondoka, anarudi, anataja watoto wake. Yeye anasema bei ni hiyo. Mteja akishalipa, akishakunja uso wake, ndipo Jirani anachota upawa mmoja zaidi na kumwongezea. Nilimwambia kwamba hiyo ni sawa na kupunguza, isipokuwa yeye anapunguza wakati haina faida tena. Alifikiri kidogo, akasema ukimpunguzia mtu anakushukuru kwa kukushinda, ukimwongezea anakushukuru kwa asali. Wiki mbili nilikaa nikihesabu wateja wanaorudi, wake na wangu. Matokeo sikumwambia.

Mtu akija na uvumi, kwamba soko linahamishwa, kwamba sukari inapanda, kwamba fulani kaoa tena, alikuwa na jibu moja: "Nimesikia kwa sikio moja." Maana yake alingoja aje mtu wa pili aseme hivyo hivyo. Kulipokuwa hakuna mtu wa pili, habari ile kwake ilikuwa haijatokea. Hata walipompigia simu kwamba amechaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya kuimba, yale ya TV, alikata simu, akafunika ndoo, akaniambia amesikia kwa sikio moja. Ilibidi wapige tena.

Sasa niseme habari ya salamu, maana bila hiyo yaliyobaki hayaeleweki.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Kwetu salamu tunapokezana tukipita, kila mtu na safari yake. Jirani, Muha wa Kibondo, hakuwa hivyo. Kila asubuhi kabla hajafungua ndoo alikuja mbele ya kibanda changu, akainama kidogo, akakunja viganja kama mtu anayetaka kukinga maji, akaanza kupiga makofi taratibu. "Mwakeye, Jirani." Si makofi ya kushangilia. Yalikuwa ya chini, mazito, na kwa sababu ya kile kidole yalikuwa na mlio wake peke yake, kama mfuniko wa ndoo ukikaa mahali pake. Wiki ya kwanza nilimjibu kwa mdomo. Salama, karibu. Akaendelea kupiga. Nikasema nzuri, nashukuru. Akaendelea. Nilikuwa na mteja amevaa kiatu mguu mmoja, anatutazama sisi wawili kwa zamu. Mwishowe mama wa dagaa aliyekuwa mkabala akachoka, akaniambia niweke viatu chini nijibu kwa mikono, la sivyo mwenzangu atakesha pale. Nikaweka viatu chini, nikapiga makofi matatu. Akasema "Ego," ndiyo hiyo, akaenda kwenye asali yake.

Alinieleza baadaye. Mdogo ndiye anayeianza salamu na mkubwa ndiye anayeifunga. Mdogo haachi mpaka mkubwa ameitikia kwa viganja vyake mara tatu, na hapo ndipo siku inaanza. Mimi nilimzidi miaka minne. Yeye alisema kumi, na hilo hatukuwahi kuafikiana. Nikamuuliza kwa nini mikono, wakati mdomo upo. Akasema mdomo unaweza kumsalimia mtu huku mikono inafunga mzigo; mikono ikisalimia, basi umesimama kweli.

Basi kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi niliweka viatu chini. Mnaofanya biashara mnajua gharama yake. Mikono miwili ikiwa mitupu saa moja asubuhi, mteja wa kwanza anadhani hujafungua.

Kwa nyuki alikuwa na subira ya kutisha. Angeweza kukaa chini ya mzinga nusu ya siku akingoja watulie. Lakini mweke kwenye foleni ya benki, baada ya watu watatu anaondoka anasema atarudi mwaka kesho. Kwenye asali alisema ukweli mpaka ukamwumiza: alimwambia mteja waziwazi kwamba ya mwezi huu imeingia moshi, aje mwezi ujao. Kisha mtu huyo huyo, kwenye fomu ya mashindano, alijipunguzia miaka sita kwa sababu waliweka mwisho wa umri. Ndilo punguzo pekee nililowahi kumwona akilitoa.

Na kuimba. Aliimba akichuja asali tu, uso umeelekea ndoo, mgongo umeelekea soko. Mtu akisogea kusikiliza, ananyamaza, anamuuliza anataka kidumu au chupa. Wimbo ulifuata asali. Msimu wa joto asali inatiririka, na wimbo ulikwenda mbio. Ikifika Juni, baridi ya Kasulu ikishika, asali inakuwa nzito, kitambaa kinajaa, tone moja linafikiria kabla ya kuanguka, na hapo sauti ilijivuta, ikapanda, ikakaa juu kule ikingoja tone. Wateja wangu walisimama na kiatu mkononi bila kujua kwa nini wamesimama. Kuna wakati niliuza jozi mbili za kushoto-kushoto na hakuna aliyelalamika mpaka kesho yake. Nilimuuliza wimbo huo unaitwaje. Akasema haujaisha. Miaka kumi na moja nilisikia wimbo mmoja ambao haujaisha.

Mimi ndiye niliyempeleka. Nasema hivyo kwa sababu wengi siku hizi wanadai hiyo kazi. Nilisikia redioni kwamba usaili utafanyika Kigoma mjini, nikajua akiambiwa aende kuimba hatakwenda. Kwa hiyo sikumwambia aimbe. Nilimwambia huko kutakuwa na foleni ya watu tangu alfajiri, hawajanywa chai, na yeye ana chupa arobaini za asali zimekaa. Akienda akauze. Na kwa kuwa atakuwa kwenye foleni hata hivyo, foleni ikifika mlangoni aingie tu, haina hasara. Alizungusha jambo hilo kichwani siku mbili, akapanda basi. Aliuza chupa zote kabla jua halijawa kali. Halafu foleni ikafika mlangoni.

Yaliyotokea mle ndani mliyaona, ila hamkuyaelewa. Sisi tuliyaona baadaye kwenye TV ya mgahawa wa chai pale stendi. Jirani anaingia, ameshika mfuko mtupu. Mbele yake majaji watatu, wawili wanaume na mmoja mwanamke, wote wadogo kwake, lakini wamekaa na yeye amesimama, basi kwake hao ni wakubwa. Anaweka mfuko chini, anainama, anakunja viganja, anaanza kupiga makofi.

Jaji wa kwanza akamuuliza kama anajipongeza kabla hajaimba. Ukumbi ukacheka. Jirani akaendelea. Jaji wa pili akasema hapa wanaopiga makofi ni watu wengine. Jirani akaendelea, ameinamisha macho kwa heshima zote. Pale mgahawani tuliacha kunywa chai. Kila Muha aliyekuwepo alijua kosa liko wapi, na alijua halitaisha: hao watu wanamjibu kwa mdomo, na yeye hawezi kuacha mpaka wamjibu kwa viganja. Mzee mmoja alianza kuwapigia TV makofi awasaidie. Jirani alipiga, nadhani, dakika nzima, na dakika kwenye TV ni ndefu. Mwishowe yule jaji mwanamke, kwa utani tu, akainua mikono, akampigia makofi kadhaa. Jirani akasema "Ego." Akanyooka. Akafumba macho kama mtu anayetafuta ndoo ilipo, akaimba.

Waliokuwa wakicheka waliacha. Hilo hata mimi sina la kuongeza.

Lakini kipande kilichosambaa kwenye simu za watu hakikuwa kile cha kuimba. Kilikuwa kile cha makofi.

Kuanzia hapo kila wiki mtangazaji alimpokea kwa maneno yale yale: atupigie yale makofi yake. Wakamwekea na ngoma nyuma. Anainama, anapiga, ukumbi mzima unampigia, wanacheka, wanapiga tena. Aliniambia kwenye simu, sauti yake imechoka kama ya mtu aliyepandisha mlima na gunia: "Wanaitikia wote, Jirani. Lakini hakuna anayefunga." Na ule wimbo wa miaka kumi na moja, kule walimpa dakika mbili na nusu, akaumaliza.

Huku tulipiga kura kwa ujumbe wa simu mpaka vidole vikauma. Mimi kura zangu nilizituma na kuzihesabu, kisha nikazituma tena. Kibondo walipiga, Kasulu walipiga. Mabamba, kwao hasa, walipiga kuliko wote, ila pale mpakani simu zinapenda kukamata mtandao wa ng'ambo, na nusu ya kura zao nadhani mpaka leo zinazunguka Burundi zikimtafuta mtu wa kumpigia. Akawa wa tatu. Aliyeshinda simkumbuki jina. Nimeuliza watu wawili, nao hawamkumbuki. Wa tatu ndiye aliyechukuliwa na nchi nzima.

Halafu ikaja sabuni.

Tangazo mmeliona. Mche wa sabuni ya kufulia umewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Jirani anaingia kavaa shati linalong'aa, anainama mbele ya meza, anaupigia makofi. Mche unamwitikia kwa povu. Redioni hakuna povu, ni makofi tu na jina la sabuni. Nililisikia mara ya kwanza nikipanga raba za watoto, nikahisi kitu hakijakaa sawa. Mara ya pili nikajua. Makofi yale yalikuwa makavu na ya kung'aa, kama vijiti vinavunjwa. Hayakuwa na kidole. Nilimpigia nikamuuliza. Akasema kijana wa mitambo alimwambia makofi yake hayaingii vizuri kwenye kinasa sauti, yanasikika kama mtu anafunga ndoo, kwa hiyo waliondoa ya kwake wakaweka mengine. Alicheka kidogo, nami nikacheka kidogo, tukazungumza bei ya chupa tupu. Sikulifikiria tena. Ninayehesabu kila kitu mara mbili, hilo nililihesabu mara moja nikaliacha.

Mama yake anaishi Mabamba, analima maharage. Aliyemfundisha Jirani kuamkia ni yeye. Mashindanoni alimfuata mwanawe kila wiki kwenye TV ya dukani, ingawa macho yalikuwa yameanza kumwacha, na makofi kwa majaji hakuyakataa. Alisema mwanawe ana adabu, wenye kasoro ni majaji. Lakini tangazo lilipoanza, watu wa Mabamba waliniambia, aliinuka pale dukani kabla halijaisha, akaenda nyumbani, na redio yake akawa anaizima habari zikiisha.

Nilifika kwake mara moja. Nilikuwa nimepeleka viatu gulio la Mabamba, maana wanaovuka kutoka ng'ambo wananunua vizuri wakishamaliza kusema hawanunui. Jirani alikuwa amekuja nyumbani siku chache, akaniomba tuongozane nimsalimie mama. Nilidhani ni heshima. Kumbe alitaka shahidi, au labda alitaka mtu wa kumsindikiza tu, kama anayekwenda hospitali.

Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Nyumba ina bati jipya, kuna taa za sola, vyote vya mwanawe. Jirani alivua kofia, akainama mbele yake, akaanza. Mama akamtazama, akasema, "Umefika. Kaa." Akaendelea kupepeta. Jirani hakukaa, akaendelea kupiga. Mama akageuka kwangu. Nikaweka gunia la viatu chini, nikainama, nikapiga kama mwanawe alivyonifundisha. Yule mama akaweka ungo chini, akapangusa vumbi mikononi, akanipigia makofi matatu, polepole, kila moja na nafasi yake. Kisha akachukua ungo.

Mimi, mtu wa Ujiji, muuza raba, nimeitikiwa. Mwanawe bado ameinama, bado anapiga. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo kwa kupewa kitu bure.

Baada ya muda mama alisema, bila kuinua sauti, macho kwenye maharage: "Uliiamkia sabuni. Sasa mimi unaniamkia kama nani?"

"Ilikuwa kazi, mawe," akasema Jirani. Mawe maana yake mama yangu, kwao.

"Najua ilikuwa kazi. Sijasema umeiba."

Akaingia jikoni akatupikia ugali wa muhogo na maharage, akatuuliza habari za safari, akamkemea mwanawe kwa kukonda. Kila kitu mama anachompa mtoto alimpa siku ile, isipokuwa kufunga salamu. Tulipoondoka ilikuwa bado wazi. Kwenye gari la kurudi Kibondo alikalia mikono yake yote miwili, njia nzima. Nilimuuliza imekuwa hivyo tangu lini. Akasema mara zote anazokwenda. Mara sita. Na yeye sasa alikuwa ameanza kuhesabu.

Alijaribu. Alikwenda Dar kuwaomba walitoe tangazo, wakamwonyesha mahali aliposaini. Walisema litaisha muda wake ukifika. Muda ukafika, likaendelea. Kwenye harusi walimlipa aje kuimba, akishika tu kipaza sauti wanaanza kumpigia makofi na kucheka, wanataka yale, wimbo baadaye kama nafasi ipo. Nafasi haikuwepo. Pale sokoni vijana wa bodaboda walimwona kwa mbali wakapiga makofi juu ya pikipiki: "Oya, Sabuni, vipi!" Hawakuwa na ubaya. Waliona ni ndugu yao amefanikiwa.

Basi akaanza kuvaa koti lenye mifuko mirefu, na mikono ikahamia mle. Asubuhi ya kwanza aliporudi kibandani alikuja mbele yangu, amesimama wima, akasema, "Vipi, Jirani, mzima?" Nikasema mzima. Akaenda kwenye asali yake. Nikabaki na viatu mkononi. Miaka yote nilikuwa nikilalamika kwamba salamu ile inanichelewesha. Siku hiyo nilifungua mapema kuliko soko zima, na mpaka saa nne nilikuwa sijui siku imeanza au bado.

Na asali aliichuja kimya.

Mara ya mwisho ninayotaka kusimulia ni Kabanga. Mama yake aliletwa hospitali ya misheni kufanyiwa operesheni ya jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, la pili zamu yake bado, na kwa hilo haoni zaidi ya mwanga wa dirisha. Jirani alikuja kibandani mchana, mikono mfukoni, akaniuliza kama nina nafasi. Sikuwa nayo. Nikafunika viatu, tukapanda bodaboda.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda vinane, nane tena nilipohesabu wakati wa kutoka. Tulipoingia tu, binti mmoja aliyekuwa akimwuguza bibi yake alimtambua, akaanza kucheka kwa furaha, akainua simu. Jirani akasimama katikati ya wodi kama mtu aliyeshikwa. Nikaona anageuka kutoka. Nikamwendea yule binti, nikamwambia kwa sauti ya chini nina viatu vya kike Kasulu sokoni, nitampa jozi kwa bei niliyonunulia mimi, akizima simu sasa hivi na isiwashwe tena mpaka tumeondoka. Alinitazama kuona kama nasema kweli. Akauliza kama nina namba thelathini na saba. Nikasema ninayo. Akazima. Ni biashara ya haraka kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikuidai chenji.

Jirani akasogea mpaka kitandani. Hakusema mwakeye wala jina lake. Alitoa mikono mfukoni, akainama, akaanza kupiga. Mikono ilikuwa haijazoea tena, makofi mawili ya kwanza yalipishana. Kisha yakakaa. Taratibu, ya chini, na ule mlio wa mfuniko.

Mama akageuza kichwa kwenye mto. Hakusema "Umefika." Alisikiliza. Jirani aliendelea. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba yule mama alikuwa akilitazama tangazo kwa macho mabovu na kuliondokea kabla hajayasikiliza makofi yenyewe.

"Hicho kidole," akasema mama.

Jirani akaendelea kupiga.

"Kwenye redio ya dereva aliyenileta walipiga lile la sabuni. Sikuwa na pa kukimbilia, nikalisikiliza mpaka mwisho. Kidole hakimo."

"Hakimo, mawe. Yangu hayakuingia vizuri kwenye mitambo. Waliweka makofi mengine."

"Ya nani?"

"Sijui. Ya mashine, labda."

Jasho lilikuwa likimtoka mwanawe usoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Nilitaka kusema kwamba mimi nililijua hilo tangu mwanzo, kwamba ningeweza kulisema siku ile uani kwake na maharage yakiwa kwenye ungo. Sikusema. Kuna bidhaa ukiichelewesha sokoni inakuwa ya kutupa tu.

"Lakini uliinama," akasema mama.

"Niliinama."

"Mbele ya sabuni."

"Ego, mawe."

Akavuta pumzi. Akatoa mikono chini ya blanketi, ule wa kulia una plasta ya sindano, akaikutanisha hewani polepole, akiitafuta kwa kubahatisha kwa kuwa hakuiona. Likatoka moja. Akangoja. Likatoka la pili. Kisha akairudisha mikono yote miwili chini ya blanketi, akaniuliza mimi, kama tulioachana jana, bei ya maharage Kasulu imefika ngapi.

Tulikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipoisha. Nje, kwenye ngazi, Jirani alikaa chini. Mikono ilikuwa juu ya magoti, haikuwa mfukoni, na watu waliopita walimtazama.

"Jirani," akasema, "wewe ndiye unayehesabu. Yalikuwa mangapi?"

"Mawili."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Nilianzia kwenye blanketi, nikarudia lile la kwanza, nikarudia kungoja, nikarudia la pili, nikaangalia vizuri kama kuna lingine nililolipita kwa uchovu.

"Mawili," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, kama mteja ambaye bei haikushuka lakini atanunua. Akasema la tatu mama amelibakiza, basi lipo, na mama akitoka hospitali yeye atalifuata Mabamba.